Wakuu, nataka kununua sedani kubwa ya kifahari iliyotumika. Nikague nini kabla sijatoa pesa?

Kifungua Mimba

Habari za majukumu wakuu. Naomba mawazo yenu kabla sijafanya uamuzi mkubwa.

Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, na gari letu dogo linamtesa. Tukipita kwenye shimo namsikia anavuta pumzi na kung'ang'ania mkanda. Safari ya saa moja kwenda kliniki inamchosha kuliko kliniki yenyewe. Wiki mbili zilizopita jirani alitupa lifti kwenye sedani yake yenye springi za hewa, mama akalala njia nzima. Tangu siku hiyo natafuta gari la aina hiyo, lakini lililotumika, maana jipya siliwezi.

Nimepata moja. Lina miaka 12, injini ya V8 (silinda nane), viti vya ngozi, milango ukiisogeza tu inajivuta na kujifunga. Bei yake ni ya gari dogo la miaka mitatu. Nilipofika nililikuta limeshawashwa, linanguruma taratibu, limeoshwa mpaka ndani ya boneti panang'aa. Nikaliendesha kama dakika kumi, sikuona tatizo. Muuzaji anasema kuna mtu mwingine anakuja keshokutwa, kwa hiyo niache arubuni.

Fundi wangu ni mwaminifu, ameniambia wazi kwamba magari haya hajawahi kuyafungua. Nisaidieni.

Spana Namba Kumi

Pole sana kaka, na mama apate nafuu. Usitoe arubuni.

Mimi ni fundi, na magari haya ndiyo kazi yangu ya kila siku. Mawili katika maelezo yako yamenishtua: gari kuwashwa kabla hujafika, na injini kuoshwa. Injini iliyooshwa imefutwa ushahidi. Kama oili inavuja kwenye kifuniko cha valvu au nyumba ya filta, alama zimekwenda na maji. Na injini ya moto huficha mengi. Mwambie muuzaji unarudi asubuhi na mapema, asiiguse. Ukifika, fungua boneti uweke kiganja karibu na injini kabla hujasema lolote. Ikiwa na joto, ahirisha.

Ikiwa baridi, mtu mwingine awashe huku wewe umesimama nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu unaotoka kwa sekunde chache kisha ukapotea maana yake oili imechuruzika usiku kupitia sili za valvu. Kisha nenda mbele usikilize. Mkwaruzo wa cheni, ile ya ndani ya injini inayoendesha valvu, sekunde mbili tatu za mwanzo, kama mnyororo unaoburutwa ndani ya ndoo, usiupuuze. Cheni na vibano vinavyoikaza kwenye V8 ni kazi ya siku kadhaa, na kwenye baadhi ya magari lazima injini ishushwe.

Sasa springi za hewa, kwa sababu ndizo unazozitafuta kwa ajili ya mama. Mfuko wa springi ni mpira, na mpira huzeeka hata gari likilala tu. Unaanza kuvuja kidogo, kompresa (pampu ya hewa) inafanya kazi mara nyingi zaidi kujaza, mwisho kompresa nayo inaungua. Kwa hiyo aliyepuuza mfuko mmoja anakuuzia matatizo mawili. Kipimo ni rahisi: gari likiwa limezimwa mahali tambarare, pima kwa futi kamba kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, uandike. Rudi baada ya saa 12 upime tena. Kona iliyoshuka sentimita kadhaa ina mvujo. Muuzaji akikataa kuliacha gari lilale bila kuwashwa, nawe usiendelee.

Angalizo: kuna sedani za kifahari zenye mfumo tofauti kabisa unaoendeshwa na mafuta ya haidroliki yenye mgandamizo mkubwa, kama ule wa Mercedes-Benz uitwao Active Body Control. Kwa macho utadhani ni kitu kimoja na springi za hewa, ila gharama zake zina ulimwengu wake. Uliza kabisa gari lako lina upi.

Safari Ndefu

Nakuandikia kwa uchungu kidogo kwa sababu nilipita hapo hapo ulipo. Aina ya gari langu siitaji. Nililinunua jioni, likiwa la moto, limepulizwa manukato. Wiki ya tatu likaanza kuchelewa kuingia gia: naweka D, nahesabu moja, mbili, halafu linaruka kama limepigwa teke. Fundi alipofungua akakuta oili ya gia boksi nyeusi, inanuka kuungua. Mmiliki wa kwanza aliambiwa oili hiyo ni ya maisha yote ya gari, akaamini, na waliofuata wakaamini.

Usiamini. ZF, kampuni ya kutengeneza gia boksi ambayo kazi zake zimo kwenye sedani nyingi za BMW, Audi na Jaguar, wenyewe wanapendekeza oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Muulize muuzaji ilibadilishwa lini, akuonyeshe risiti. Ukiwa kwenye majaribio, simama kabisa, kanyaga breki, toka P kwenda R, kisha D, kisha rudi R. Kila mara gia iingie ndani ya sekunde moja bila kishindo. Na dakika kumi hazitoshi kaka. Endesha nusu saa na zaidi, sehemu ya foleni na sehemu ya kasi, maana gia boksi nyingi huonyesha ugonjwa zikishapata moto.

Bibi Nyaraka

Mwanangu, mafundi wameanza vizuri, mimi naongeza upande wa karatasi. Nimefanya kazi ya kukagua magari kabla ya kununuliwa, na nyingi ya kesi mbaya nilizokutana nazo zilijulikana kabla hata boneti halijafunguliwa.

Namba ya chasi kwa kawaida ina herufi na tarakimu 17, na haina kabisa herufi I, O wala Q. Isome sehemu tatu: chini ya kioo cha mbele, kwenye nguzo ya mlango, na kwenye hati ya umiliki. Zote zifanane mpaka herufi ya mwisho. Kibandiko cha mlangoni kikiwa kimetoka au kimekwanguliwa, uliza mlango ulikwenda wapi.

Omba funguo zote mbili. Kwa magari haya ufunguo wa pili si jambo dogo, kuutengeneza ni gharama na muda.

Kilomita usizisome kwenye dashibodi peke yake. Tazama raba ya kanyagio la breki, ngozi ya usukani upande mkono unaposhika, na ukingo wa kiti cha dereva anapotelezea kuingia. Gari la kilomita 70,000 halina kanyagio lililolika mpaka chuma. Tena fundi mwenye kifaa kizuri anaweza kusoma kilomita zilizohifadhiwa kwenye kompyuta nyingine za gari, na BMW huziandika hata ndani ya ufunguo. Anayechezea dashibodi mara nyingi huzisahau hizo.

Na matairi. Kwenye ubavu kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta sedani ya V8 ina matairi manne ya kampuni nne, mawili yakiwa na umri wa miaka tisa, umeshajua mwenye gari alikuwa anahesabu senti. Aliyebana kwenye tairi hakubadilisha oili ya gia boksi.

Taa Nyekundu

Mimi ni wa umeme, nitasema la kwangu.

Washa swichi bila kuwasha injini, uangalie dashibodi. Taa ya eabegi (mfuko wa hewa unaokukinga kwenye ajali) na taa ya injini LAZIMA ziwake, taa ya eabegi ijizime baada ya sekunde chache, na ile ya injini izimike injini ikishawaka. Watu wanaogopa taa inayobaki inawaka, lakini mimi naogopa zaidi ile isiyowaka kabisa, kwa sababu kuna mtu ameiziba au ameiunganisha na taa nyingine ili uone kuna amani. Gari lililogongwa eabegi zikafyatuka, zisirudishwe, hujificha hivyo hivyo.

Pili, chomeka kifaa cha kusoma kompyuta. Usitosheke na jibu kwamba hakuna kosa. Kompyuta ya injini ina majaribio yake ya ndani ya kujikagua: kihisi cha oksijeni, kichujio cha ekzosi, mvuke wa petroli. Mtu akifuta makosa leo asubuhi, majaribio hayo hurudi kwenye hali ya kutokamilika, na huhitaji siku kadhaa za kuendeshwa ili yakamilike. Ukiona mengi hayajakamilika, aidha betri ilitolewa juzi au kuna mtu amefuta.

Betri yenyewe ipimwe. Ikiwa imetulia isome karibu na volti 12.6, injini ikiwaka iwe kati ya 13.5 na 14.7. Magari haya yana kompyuta nyingi, volti zikishuka kila moja hulalamika lake, na wasiojua hununua spea zisizohusika.

Halafu nyanyua zulia miguuni, mbele na nyuma, uingize mkono mpaka kwenye sponji. Mifereji ya maji ya kioo cha paa ikiziba, maji hushuka humo, na mara nyingi kompyuta au viungo vya nyaya viko hapo chini. Buti vilevile. Harufu kali ya manukato ndani ya gari hunifanya nianze na zulia.

Spana Namba Kumi

Taa Nyekundu kasema kweli tupu. Naongeza moja kuhusu bodi: watu hutembea na sumaku kutafuta pati, ile lipu ya kufukia mabonde chini ya rangi. Kwenye magari haya sumaku itakudanganya, kwa sababu boneti za nyingi ni za alumini, na Audi A8 ya kwanza, ya 1994, ilikuwa na bodi nzima ya alumini. Sumaku haitashika na si kwamba kuna pati. Tumia kipimo cha unene wa rangi kinachosoma na alumini. Rangi ya kiwandani huwa takribani maikroni 100 hadi 180. Mlango mmoja ukisoma 400 na wa pili 120, umepata swali la kuuliza.

Kaka, hujatuambia ni gari gani. V8 za BMW aina ya N63, zile tabo (turbo) zake zimekaa katikati ya injini, joto huzikausha sili za valvu na injini ikaanza kula oili. V8 za Mercedes aina ya M273 za miaka ya mwanzo zina gia ndani ya mfumo wa cheni inayolika. Lexus LS 460 injini yake ina sifa nzuri, ila mikono ya suspensheni ya mbele na bushi (mipira ya viungio) zake huchoka. Hakuna isiyo na ugonjwa. Lazima ujue wa lako kabla hujalipa, na utenge pesa ya kuutibu pembeni, kwa sababu gari limeshuka bei lakini spea zake hazikushuka.

Kifungua Mimba

Wakuu, nimerudi na majibu. Asanteni, sijui niseme nini.

Muuzaji alikubali kwa shingo upande nipime jioni na nirudi alfajiri. Jioni mbele kulia palisoma sentimita 38. Alfajiri 33. Kona nyingine tatu hazikusogea. Nilipowasha, nikasikia kompresa inalia muda mrefu ndipo pembe ile ikapanda. Taa ya eabegi haikuwaka kabisa, niliwasha swichi mara tatu nikiikodolea macho. Kifaa kilionyesha majaribio manne hayajakamilika. Nilipomuuliza muuzaji akasema ndivyo magari haya yalivyo. Nimemwachia gari lake.

Inaniuma, kwa sababu mama alishaanza kuuliza linakuja lini.

Bibi Nyaraka

Usiumie mwanangu. Mama angekaa mbele ya eabegi ambayo haipo. Umemfanyia jambo jema.

Safari Ndefu

Swali moja: lazima liwe la springi za hewa? Sedani kubwa nyingi zipo zenye springi za chuma za kawaida, na zinabembea vizuri tu. Tena angalia ringi. Gari lile lile likiwa na ringi za inchi 20 na tairi nyembamba kama mkanda, kila jiwe linafika mgongoni. Lirudishe kwenye inchi 17 au 18 za kiwandani, tairi yenye ubavu mnene, ni gari jingine. Kwa mgongo wa mama, ubavu wa tairi unaweza kusaidia kuliko kitufe cha suspensheni.

Spana Namba Kumi

Naunga mkono. Na chukua V6 (silinda sita) kama ipo. Nafasi kwenye boneti inakuwa kubwa, fundi anafikia vitu bila kubomoa nusu ya gari, na unalipa saa chache za kazi.

Kifungua Mimba

Nimepata jingine. V6, springi za chuma, ringi 17, kitambaa badala ya ngozi, rangi ya kijivu isiyovutia mtu. Mwenye gari ni mwalimu mstaafu, ana faili la risiti tangu alinunue, na oili ya gia boksi imebadilishwa mara mbili. Nililikuta baridi. Halikutoa moshi. Zulia kavu.

Nilikwenda na mama. Nilimwomba mzee ruhusa akae nyuma tukazunguka dakika arobaini, barabara nzuri na mbovu. Tulipopita kwenye matuta niliangalia kioo cha nyuma. Alikuwa anatazama nje dirishani, mkono wake haukushika mkanda.

Kesho saa moja asubuhi linapandishwa kwenye lifti ya gereji ya mtu anayeyajua magari haya. Nimwambie aanze na nini?

Spana Namba Kumi

Aanze na sahani ya chini ya gia boksi, atazame kama kuna unyevu kwenye ukingo na kwenye soketi ya nyaya. Kisha bushi za mikono ya mbele, azisukume kwa nondo. Kisha mabomba ya plastiki ya maji, hasa viungio, kama yameanza kuwa na ufa mweupe. Piga picha kila kitu uzitume hapa. Kuanzia saa moja nitakuwa nasubiri.