USHAURI: Mzee wa miaka 74 achomwe chanjo ya nimonia nyumbani?

Kihamba_Kibosho: Wakuu, shikamooni wakubwa. Mzee wangu yuko Kibosho, ana miaka 74 na ana sukari. Baridi ya Julai ikishuka kutoka mlimani, kifua hakimwachi. Nataka apate chanjo ya nimonia ila kushuka Moshi mjini hataki. Kuna jirani aliwahi kuwa mhudumu wa zahanati. Amchome tu nyumbani?

Mama_Ndizi: Mzee wa kihamba anza na pepopunda. Chanjo za watoto kitaifa zilianza 1975, yeye alishakuwa mtu mzima. Mama zetu walau walichomwa kliniki wakiwa wajawazito, baba hakuna aliyemkumbuka. Dozi mbili zipishane wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6. Na samadi, yenye vijidudu vya pepopunda, mnashika kila siku!

Meku_Mcheshi: Mpeni mtori wa moto, kifua kitaomba radhi chenyewe.

Mnyororo_Baridi: Mangi, chanjo yenyewe iko wapi? Ya bure ni ya watoto, wiki ya 6, 10 na 14. Na zaidi ya dawa za sukari mzee anameza nini?

Kihamba_Kibosho: Nimeshanunua. PCV13, bomba limeshajazwa, 0.5 ml. Liko kwenye friji tangu Jumamosi. Anameza na warfarin, ila hiyo ni ya kuzuia damu isigande, haihusiani na kifua.

Mnyororo_Baridi: Inahusiana na bega. Sindano inaingia kwenye msuli, kwa hiyo INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, iwe ndani ya kiwango alichopangiwa, sindano iwe geji 23 au nyembamba zaidi, kisha pagandamizwe dakika 2 bila kusugua. Watu husugua, ndipo damu inavilia. Friji, rafu ipi?

Kihamba_Kibosho: Ya juu, chini ya friza. Boksi lilishika barafu pembeni kidogo tu, nikalitoa, ikayeyuka. Hela niliyotoa ni ya mbuzi wa ndafu mkuu, siwezi kutupa.

Jicho_la_Tatu: Hii chai. Akaunti imefunguliwa jana, mzee hataki kushuka mjini, jirani mhudumu yupo, na PCV13 imelala friji kama maziwa mgando. Kama unayo kweli, kidoti cha VVM, kile kinachobadilika rangi chanjo ikipata joto, kina rangi gani?

Kihamba_Kibosho: Sioni kidoti chochote.

Jicho_la_Tatu: Nilijua tu 😂

Mnyororo_Baridi: Kukosa kidoti si ushahidi, mabomba ya kununua mara nyingi hayana. Tena VVM inapima joto. Chanjo ikiganda, kidoti hakibadiliki kabisa, kinakaa kama hakuna lililotokea.

Mangi, PCV13 ina chumvi ya aluminiamu. Ikiganda, chembe zinashikana mabonge, na kuyeyuka hakuzitenganishi. Nguvu inapungua, mzee anaweza kubaki na bega lililovimba na kinga asipate. Usijidanganye kwa kutikisa: hata nzima ikilala inaweka mashapo meupe chini, ukiitikisa inakuwa kama maziwa mepesi. Huna nyingine ya kulinganisha nayo. Boksi limeshika barafu, huwezi kujua kama ndani haikuganda. Haichomwi hiyo.

Kihamba_Kibosho: Nimeelewa. Basi nikinunua nyingine, jirani amchome?

Mnyororo_Baridi: Ana adrenalini mkononi? Mzio mkali ni nadra, ila ukija unakuja ndani ya dakika, na mtu mzima huchomwa miligramu 0.5 pajani. Ndiyo maana kliniki wanamkalisha mtu dakika 15 kwenye benchi. Nyingine usiibebe kwenda nayo nyumbani: lipia pale pale inapochomwa, na omba kuona kipimajoto cha friji, kisome kati ya 2 na 8. Siku hiyo hiyo bega la pili achomwe ya mafua, hiyo ni ya kila mwaka. Akiwa na homa kali, subirini ipite. Na kadi aitunze, akija kuambiwa kuhusu PPSV23, chanjo nyingine ya nimonia, uwe umepita angalau mwaka 1 tangu hii.

Kihamba_Kibosho: Mzee amekubali kushuka Alhamisi, sharti arudishwe kabla ya kukamua ng'ombe.

Mama_Ndizi: Na pepopunda?

Kihamba_Kibosho: Nitaulizia, mama.

Mnyororo_Baridi: Hilo bomba usilitupe jalalani, watoto wataliokota. Beba nalo Alhamisi, kliniki waliweke kwenye boksi la usalama.