Radoni katika besimenti: nizibe nyufa, niweke bomba na feni, au ninunue mashine ya kubadilisha hewa?

BabaImani (Des Moines, Iowa)

Ndugu zangu, salaam. Tumehamia katika nyumba yetu ya kwanza, na kwa kuwa watoto wamekwisha kuifanya besimenti, yaani ghorofa ya chini ya ardhi, kuwa uwanja wao wa michezo, nilinunua kifurushi cha kupimia radoni, ile gesi ya mionzi isiyo na rangi wala harufu ambayo hutoka ardhini na huweza kuleta saratani ya mapafu, nikakipeleka maabara, na majibu yamerudi yakisema kwamba kiwango kiko juu ya kile kinachotaka hatua zichukuliwe. Kampuni niliyoiita imeniandikia dola 1,900. Fedha hizo sinazo kwa sasa, na kwa kuwa nimeshika mwiko na timazi tangu ujana wangu Kigoma, ningependa kuifanya kazi hii kwa mikono yangu.

Naona njia tatu. Ya kwanza ni kuziba nyufa zote na kuipaka sakafu rangi nzito ya kuzuia unyevu, jambo ambalo halitazidi dola 150. Ya pili ni kutoboa sakafu, kusimamisha bomba la plastiki na kuweka feni ya kuvuta hewa ya chini, ambayo kwa hesabu yangu ni kama dola 500. Ya tatu ni ile mashine inayotoa hewa chafu na kuingiza safi bila kupoteza joto lote. Mngechagua ipi? Na kama ni feni, ni ya nguvu kiasi gani?

FundiZege (Cedar Rapids, Iowa)

Hongera ya nyumba, ndugu yangu. Lakini umetutaka tuchague dawa kabla ya kutuambia mgonjwa anaumwa wapi. Kipimo kilisoma ngapi? Kilikaa siku ngapi, na madirisha yalikuwa yamefungwa? Sakafu imemwagwa juu ya kokoto au juu ya udongo mtupu? Je, liko shimo la kukusanyia maji lenye pampu? Kuta ni za zege la kumwaga au za matofali yenye matundu? Na hita ya maji ni ya gesi au ya umeme? Hili la mwisho usilidharau.

Kuwa na radoni hapa Iowa si ajabu, kwa maana kaunti zote 99 za jimbo hili zimo katika kundi la juu kabisa la ramani ya EPA, lile shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira. Tofauti ya nyumba na nyumba inatokana na yale niliyouliza.

MamaRiziki (Minneapolis, Minnesota)

Mdogo wangu, mimi ningeanza na kupima tena. Kile kifurushi cha mkaa (nilipoambiwa mara ya kwanza kwamba ndani yake mna mkaa nilicheka sana, nikakumbuka gunia letu la nyuma ya jiko) kinakupa picha ya siku chache tu, nayo radoni hupanda na kushuka kwa kufuata hali ya hewa. Wakati wa baridi hewa ya moto hupanda na kutokea juu ya nyumba, na nyumba hufidia kwa kufyonza hewa ya ardhini kupitia sakafu. Iwapo unaweza kungoja, weka kipimo cha muda mrefu, kile cha zaidi ya siku 90.

Vilevile niambie nyumba ilijengwa lini. Huku kwetu nyumba mpya zote tangu 2009 zinatakiwa kujengwa zikiwa tayari na bomba la radoni lisilo na feni, hivyo mwenye nyumba anaongeza feni tu juu darini. Usije ukatoboa zege kumbe bomba limo ndani ya ukuta likikungoja.

BabaImani

Asanteni. Kipimo kilisoma pikokyuri (kizio cha mionzi) 9.6 kwa lita ya hewa baada ya siku tatu. Madirisha yalifungwa, ingawa sikukataza watoto kutumia mlango wa nyuma. Nyumba ni ya mwaka 1962, kwa hiyo bomba halipo. Besimenti yenyewe ni ya nusu ya nyumba. Nusu nyingine ina uvungu wa udongo mtupu ambao mtu anaingia kwa kutambaa. Shimo la pampu lipo, limefunikwa kwa ubao. Sasa kuhusu feni, nimeona moja inayouzwa kwa bei nzuri wiki hii na bei hiyo inaisha Jumapili.

FundiZege

Bei iishe tu. Huo uvungu ulioutaja kama jambo la pembeni huenda ndio nusu ya tatizo, na ubao uliofunika shimo la pampu ni mlango uliouachia gesi wazi. Hita ya maji bado hujaisema.

Msomi_wa_Bukavu (Columbus, Ohio)

Ninaomba kuitetea njia ya tatu, ambayo naona hakuna aliyeigusa. Mimi nimefunga mashine ya kubadilisha hewa, na pamoja na radoni imeniondolea ukungu na harufu ya unyevu iliyokuwa ikimsumbua mtoto wangu mwenye pumu. Hakuna kutoboa zege, hakuna vumbi.

FundiZege

Kwa unyevu nakubaliana nawe, ndugu Msomi. Kwa radoni, hata hivyo, EPA inaweka upungufu unaotokana na mashine hizo kati ya asilimia 25 na 50. Ikifanya vizuri kabisa, 9.6 inakuwa 4.8, yaani bado juu ya 4 ambayo ndiyo mstari wa kuchukua hatua. Kuvuta hewa kutoka chini ya sakafu kunaweza kupunguza kwa asilimia 50 hadi 99. Na kuhusu kuziba nyufa peke yake, shirika hilohilo halikupendekezi kuwa tiba inayojitegemea, kwa kuwa nyumba hutikisika na kutulia kila msimu, ufa mpya ukafunguka pale ambapo hukupaka. Ziba, ndiyo, lakini uzibe ili feni isivute hewa ya ndani ya nyumba uliyokwisha kulipia joto lake.

MzeeWaReading (Reading, Pennsylvania)

Nimesoma nikaona nisinyamaze, kwa sababu mimi ni fundi wa kujifundisha kama Baba Imani na kosa langu lilinigharimu majira mazima ya baridi.

Kipimo changu kilikuwa 11. Nilifanya yote kwa siku mbili, na kwa kuwa sikutaka kupanda darini wala kutoboa paa, niliiweka feni palepale besimenti kando ya mashine ya kufulia, nikalipitisha bomba kwa usawa chini ya dari mpaka ukutani, nikalitolea nje kwenye kimo cha goti. Juu ya tundu hilo palikuwa na dirisha la chumba cha binti yangu. Wiki iliyofuata nilipima, nikapata 3. Nikamwambia mke wangu kwamba wale mafundi wanaotoza dola elfu mbili ni wezi.

Hewa inayotoka ardhini ina unyevu mwingi. Baridi ilipoingia, mvuke ule ukageuka maji ndani ya bomba, na kwa kuwa lile la usawa nililitundika kwa mikanda miwili tu, likalegea katikati kama kamba ya nguo, maji yakajaa kwenye tumbo lake na kuukata mvuto. Feni iliendelea kunguruma. Nilikuwa napita karibu nayo kila siku, nasikia mngurumo, naridhika. Sikuweka ile manometa ya maji, bomba dogo la herufi U la bei ya chakula cha mchana, ambayo ingenionyesha kwa jicho kwamba mvuto umepungua.

La pili ndilo baya zaidi. Kiungo kimoja baada ya feni nilikikaza bila gundi nikiwaza kwamba nitarudi kukimalizia. Upande wa kabla ya feni ukivuja, unafyonza hewa ya chumba tu. Upande wa baada ya feni unasukuma, na kinachosukumwa ni hewa ya chini ya sakafu, ambamo radoni huweza kufika mamia na hata maelfu ya pikokyuri. Kipimo cha muda mrefu kiliporudi katika majira ya kuchipua kilisoma 17. Nilikuwa nimenunua feni ya kuijaza nyumba yangu gesi niliyoikimbia. Ndiyo maana kanuni zinataka feni ikae nje au darini, nje ya sehemu inayokaliwa, na bomba litokee juu ya paa mbali na madirisha. Nilivunja nikaanza upya, bomba likiwa wima kadiri ilivyowezekana na sehemu za usawa zikiinamia kule linakoanzia sakafuni, ili maji yarudi ardhini. Sasa ninapata 1.8.

DadaHesabu (Ottawa, Kanada)

Shikamoo mzee, na pole. Mwaishi huko Pennsylvania ndiko kulikoanzia kelele zote hizi, sivyo? Nakumbuka habari ya yule mhandisi wa Limerick, mwaka 1984, ambaye vigunduzi vya mtambo wa nyuklia vilipiga kelele alipokuwa akiingia kazini, ilhali mtambo wenyewe ulikuwa haujaanza kuzalisha umeme.

Ninataka tu kusema kwamba hiyo 4 msiifanye Kaaba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza bekereli (kizio kingine cha mionzi) 100 kwa mita ya ujazo, ambayo ni kama 2.7 kwa kipimo chenu. Sisi Kanada tumesimama kwenye 200, yaani 5.4. Mtu aliyepata 3.9 hapaswi kulala usingizi wa pono.

MzeeWaReading

Marahaba, mwanangu. Ni kweli, mhandisi yule aliitwa Stanley Watras, na nyumba yake ilipopimwa ilikutwa na takriban 2,700. Si mbali na kwangu. Hata EPA yenyewe inamshauri mwenye nyumba afikirie kurekebisha akiwa kati ya 2 na 4.

Msomi_wa_Bukavu

Basi mtu mwenye 3.5 mashine yangu ingemtosha. Nilitaka hilo liandikwe.

KijanaWaKwale (Minneapolis, Minnesota)

Samahani kwa kuingilia. Nimekulia karibu na Mlima Mrima, huko Kwale, Kenya, ambao unajulikana kwa mionzi ya asili kutokana na thoriamu iliyomo ardhini. Nyumba zetu za udongo na makuti hazina besimenti. Je, huko nako tungepaswa kuweka mabomba?

FundiZege

Swali zuri, ndugu yangu, ingawa linatutoa Iowa. Thoriamu huzaa aina nyingine ya radoni ambayo nusu yake huisha kwa chini ya dakika moja, wakati hii ya urani tunayoizungumzia huchukua karibu siku nne, muda wa kutosha kupenya kutoka ardhini na kujikusanya ndani. Tena nyumba ya makuti inapumua yenyewe. Hapa tunajifungia miezi mitano.

Turudi kwa Baba Imani. Kabla ya kununua chochote, pima kama mvuto unasafiri chini ya sakafu yako. Toboa tundu la inchi moja na nusu mahali unapofikiria kuweka bomba, na vitundu vidogo kwenye pembe za mbali, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna nyaya wala mabomba yaliyopita hapo. Weka mdomo wa kivuta vumbi kwenye tundu kubwa, na hewa kinayoitoa uipeleke nje kwa mpira, maana ndiyo ile gesi yenyewe. Kisha washa kijiti cha udi na ukishike juu ya kila kitundu cha pembeni. Moshi ukizama, chini kuna kokoto na feni ya kawaida itatosha. Ukisimama, basi ni udongo wa mfinyanzi, na utahitaji feni yenye mvuto mkali zaidi au tundu la pili. Udi ndio utakaokuchagulia feni, wala si tangazo la Jumapili.

Vaa barakoa ya kuzuia vumbi la zege, kwani si busara kujikinga na radoni kwa kuvuta silika, yale madini ya ndani ya zege yanayoharibu mapafu. Kwa uvungu, tandika plastiki nene udongo wote, uibandike ukutani, na bomba jingine livute chini yake.

MamaRiziki

Pia usisahau kwamba nyaya za feni zinahitaji kibali katika miji mingi. Mimi nilimlipa fundi umeme sehemu hiyo tu, nyingine nikafanya na wanangu.

BabaImani

Mmenifungua macho, hasa Mzee. Hita ya maji ni ya gesi, iko besimenti, na bomba lake la moshi linapanda kupitia dohani ya zamani. Tanuru la kupashia nyumba joto nalo liko hapohapo. Sikudhani vinahusiana na radoni.

FundiZege

Vinahusiana sana. Ukiwa na sakafu yenye nyufa wazi na feni kali, feni hufyonza hewa ya besimenti, na besimenti ikikosa hewa huivuta kupitia dohani, moshi wa hita ukarudi ndani pamoja na monoksidi ya kaboni. Radoni huua kwa miaka, ile nyingine huua kwa usiku mmoja. Ziba shimo la pampu na nyufa kwanza, weka king'ora cha monoksidi, na siku ya kuwasha feni mwite mtu wa matanuru aangalie moshi unaelekea wapi.

DadaHesabu

Kwa hesabu hiyo, mabomba mawili, plastiki, king'ora, fundi umeme na mtu wa matanuru, ile 500 bado ipo?

BabaImani

Nimeandika upya, imefika 860, bila barakoa. Mke wangu ameiona karatasi na anauliza kama ile kampuni inakubali malipo ya awamu. Jumamosi nitafanya jaribio la udi kwanza. Kuna mwenye drili kubwa ya zege karibu na Des Moines ya kuniazima?

Msomi_wa_Bukavu

Ninayo, ila niko Columbus. Na nikuulize, plastiki ya uvunguni utaitandika vipi ikiwa mtu anatambaa? Kimo chake ni inchi ngapi?