Fomu ya kwanza ya kazi: "mshahara unaotarajia" ajaze nini?

Swali: Binti yangu ana miaka 16, anaomba kazi kwa mara ya kwanza. Fomu inauliza mshahara anaotarajia. Aache wazi?

Jibu 1: Asiache wazi, ataonekana hakumaliza fomu. Kama ni ya karatasi, aandike "Maelewano". Kwa kazi ya kwanza inatosha kabisa.

Jibu 2: Fomu za mtandaoni mara nyingi hukubali tarakimu tu. Tangazo likitaja malipo, aandike kiasi hichohicho. Lisipotaja, atafute kima cha chini cha kisheria cha umri wake, maana baadhi ya nchi zina kima tofauti kwa walio chini ya miaka 18. Asiweke 0 kama kuna njia nyingine. Programu ya kuchuja maombi inaweza kuisoma kama kosa.

Jibu 3: Mzazi, mwangalizie pia kipimo: kwa saa, siku au mwezi? Hapo ndipo vijana huteleza. Malipo ya saa yakiingia kwenye kisanduku cha mwezi, ombi zima linaonekana halikusomwa. Na kwenye usaili wakimuuliza tena, ajibu kwa utulivu: "Niko tayari kuanza na kiwango mnachowalipa wanaoanza. Ni kiasi gani?" Kisha anyamaze, awaache wataje wao.