Joto na ubaridi wa nyumba Nairobi: kuchimba ardhi, pampu ya hewa, au sola na kuziba nyumba?

MkaaziKaren
Salaam wadau. Najenga nyumba ya vyumba vinne Karen, na wakati huohuo mimi na ndugu zangu tunakarabati hoteli ndogo Westlands. Baridi ya Julai mnaijua. Watoto wanafanya kazi ya shule wamejifunika blanketi, na shawa ya stima inamaliza tokeni.

Nimeletewa mapendekezo matatu. La kwanza, tuchimbe mashimo ya mita 100 hivi, tuzamishe mabomba ya plastiki yenye maji yanayozunguka, kisha pampu ya joto, yaani mashine ya stima inayohamisha joto kutoka mahali pamoja hadi pengine, ichukue joto la ardhini. La pili, pampu inayovuta joto kutoka hewani. La tatu, sola ya maji ya moto na kuziba nyumba vizuri, basi. Anayeuza la kwanza anasema Kenya ni nchi ya jotoardhi, kwa hivyo joto litakuwa la bure. Kuna ukweli hapo?

MwambaNgong
Jotoardhi la Olkaria, kule kwenye vituo vya umeme karibu na Naivasha, ni habari nyingine kabisa, ndugu. Kule visima vinashuka hadi karibu mita 3,000, kwenye miamba iliyopashwa na magma ya Bonde la Ufa, na kinachopanda ni mvuke wa kuzungusha mitambo. Umeme wa kwanza ulitoka pale 1981. Shamba la maua la Oserian limetumia joto hilo moja kwa moja kwenye grinihausi zake, na kule Menengai GDC, kampuni ya serikali ya jotoardhi, wameonyesha kwamba linaweza hata kuchemsha maziwa. Hayo yote yako bondeni. Karen, ukishuka mita 100, utakuta mwamba wenye nyuzi ishirini na kitu. Huo ni uvuguvugu tu. Kazi ya kuupandisha inafanywa na pampu, na pampu inakula stima.

Faida ya ardhi ni kwamba haitikisiki hewa inapobadilika. Stockholm mwezi wa Januari hewa inashuka chini ya sifuri huku ardhi ikibaki palepale, kwa hivyo pampu ya ardhini inashinda kwa mbali. Hapa kwetu usiku wa Julai hewa ina nyuzi 10 au 12, mchana inapanda tena. Ardhi inaizidi hewa sana usiku tu, na kwa miezi michache.

FundiPampu
Nakubaliana na MwambaNgong, na hesabu ni hii. Kupasha lita 200 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 50 kunahitaji karibu yuniti 7 ukitumia hita ya kawaida. Pampu ya hewa, ambayo kwa hali ya hewa yetu inarudisha kama mara tatu ya stima inayokula, itatumia yuniti 2 na robo hivi. Ya ardhini ikirudisha mara nne, itatumia kama yuniti 1 na robo tatu. Mzee, tofauti ni nusu yuniti kwa siku! Nusu yuniti haiwezi kulipia mashimo katika maisha ya mtambo wenyewe. Weka sola na siku nyingi hutumii hata hiyo. Ila Julai mawingu hayaondoki, kwa hivyo usikubali tangi lisilo na hita ya akiba.

MsanifuLangata
Kabla ya mtambo wowote, tazama nyumba yenyewe. Nyumba zetu nyingi zina kuta za mawe, sakafu ya vigae, kioo kimoja dirishani, dari isiyo na kitu juu yake, halafu matundu ya hewa ya kudumu juu ya kila dirisha. Hapo utapasha joto anga ya Karen. Dai mambo haya kwa fundi wako: blanketi la kuzuia joto juu ya dari, matundu yanayoweza kufungwa na kufunguliwa, milango isiyopitisha upepo chini. Kama ramani haijapita, pande ndefu za nyumba zielekee kaskazini na kusini. Juni na Julai jua liko kaskazini, kwa hivyo sebule iwekwe upande huo, nayo madirisha makubwa yasielekee magharibi.

Hata majengo makubwa yamefanya hivyo. Ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri zilizofunguliwa 2011 zinategemea upepo wa kawaida na mwanga wa jua. Hali ya hewa ya Nairobi ni baraka, na inaniuma kuona tunajenga minara ya vioo halafu tunanunua viyoyozi vya kupambana na jua tulilolikaribisha wenyewe.

MezaYaMitambo
Niwatetee kidogo watu wa mashimo, maana mmezungumzia nyumba mkasahau hoteli. Hoteli inahitaji maji ya moto kila siku ya mwaka, na ubaridi jikoni na kwenye kumbi. Joto unalolitoa ukumbini linaweza kwenda kwenye tangi la maji badala ya kutupwa nje. Pia mabomba ya ardhini yamefungwa, hayanywi maji, ilhali minara ya kupoozea, ile mitambo ya maji inayotoa joto la majengo makubwa, inageuza maji kuwa mvuke kila saa, na mgao wa maji mjini mnaujua.

Lakini kuna sharti. Ukitumia ardhi kwa kupooza tu, unaimwagia joto mwaka baada ya mwaka na hatimaye inapata joto yenyewe, na mtambo unaanza kuchoka. Kinachoingia na kinachotoka vikaribiane.

MchimbajiRongai
Mimi nachimba visima vya maji, nisemee upande wa ardhi. Juu utakuta udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, chini yake tufu laini, yaani majivu ya volkano yaliyogandamana, kisha mwamba mgumu wa volkano. Hapo nyundo ya hewa inalia siku nzima na dizeli inaenda. Kwa kukadiria tu, mita moja ya shimo inatoa kama wati 50 za joto. Hoteli ikihitaji kilowati 60 ni mashimo 12 ya mita 100, yakiachana mita tano au sita. Westlands utayaweka wapi kama si chini ya maegesho, kabla lami haijamwagwa? Na kila shimo lijazwe bentonaiti, udongo unaovimba na kuziba, kuanzia chini hadi juu, maji ya tabaka moja yasichanganyike na ya jingine. Nenda WRA, mamlaka ya rasilimali za maji, na NEMA, mamlaka ya mazingira, kabla mtambo haujafika kwenye ploti.

Na kama mmewaza kutumia kisima cha maji kilichopo badala ya mashimo mapya, wazo hilo liwekeni kando. Viwango vya maji ya ardhini Nairobi vimeshuka vya kutosha.

MkaaziKaren
Asanteni sana. Kwa nyumba nimeshaamua: sola, dari, na yale matundu. Kwa hoteli, nawezaje kujua ardhi yetu itapokea joto kiasi gani kabla ya kulipia mashimo yote?

MezaYaMitambo
Chimbeni shimo moja, mtie bomba, mzungushe maji yanayopashwa kwa nguvu ileile mfululizo kwa saa 48 au zaidi, mkirekodi joto la kuingia na la kutoka. Matokeo hayo ndiyo yanayoamua idadi ya mashimo. Muuzaji akikataa jaribio hilo, chukueni pampu ya hewa yenye kurudisha joto kwenye maji.