Lundo la mavi ya farasi limenigombanisha na kijiji, naombeni ushauri kabla ya Jumamosi

saisi_wa_mlimani

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni msimamizi wa banda la farasi huku Arumeru, juu kidogo ya Usa River. Tuna farasi 11, tisa wa kupandisha watalii na wawili wa mwenye shamba. Mwenyewe yuko nje ya nchi tangu Februari, tunaongea kwa simu tu. Malisho, kwato, matandiko, hivyo vyote naviweza, huu ni mwaka wa 9 niko kwenye usaisi. Kilichonishinda ni mavi.

Kila asubuhi tunatoa toroli sita hadi saba, mavi pamoja na maranda yaliyolowa mkojo. Tunamwaga nyuma ya banda, ndivyo nilivyokuta, na sasa pamekuwa kilima. Hatua kama 25 chini yake unapita mfereji wa kijiji, ule wa zamu, watu wanamwagilia mboga. Kiangazi hakuna neno. Masika ya mwaka huu ilipiga mvua moja ya usiku, asubuhi nakuta pembeni ya lundo pamechimbika kijito, maji meusi kama chai ya rangi iliyolala yanaingia kwenye mfereji wa watu, juu yana povu. Wakina mama waliokuwa zamu walisimama na majembe yao wananiangalia tu. Hakuna aliyenitukana. Bora wangenitukana.

Bosi akasema choma moto. Nikachoma. Likafuka siku nne bila mwali, moshi ukalala bondeni, na jirani ana mtoto mwenye pumu. Nikazima kwa maji, na hayo maji mnajua yalikokwenda.

Nikaona nijaribu wema. Kuna mama jirani analima mchicha na nyanya, nikampelekea mikokoteni minne ya samadi bure. Wiki ya tatu matuta aliyoweka samadi yangu yamekuwa manjano na kudumaa, yale ambayo hakuweka yanang'aa kijani. Anasema nimemletea sumu. Jumamosi kuna kikao na mtendaji ameniita.

Naomba kujua niweke wapi huu uchafu, kwa nini mboga zimekuwa njano, na yule mama nikamwambie nini. Nawasilisha.

kiti_cha_mbele

Ngoja waje wataalamu. Mimi nimeweka kambi hapa na kashata zangu.

bwanashamba_mstaafu

Nianze na mboga. Majani yamejikunja na kujisokota, au ni njano tu? Na njano imeanzia majani ya chini au ya juu?

saisi_wa_mlimani

Shikamoo mzee. Ni njano tu, hayajajikunja. Yameanza ya chini.

bwanashamba_mstaafu

Marahaba. Basi hujamletea sumu, umemletea njaa. Maranda ni mti, na mti una kaboni nyingi sana na nitrojeni kiduchu. Ukiyafukia mabichi, vijidudu vinavyouozesha huo mti vinahitaji nitrojeni ya kujijenga, vinaichukua ileile iliyokuwa ya mchicha. Mmea unalala njaa huku umekalia samadi. Baadaye vijidudu vikifa nitrojeni inarudi, ila mchicha haungoji, wiki nne unatakiwa uwe sokoni.

Cha kufanya: mpelekee samadi ya kuku iliyooza vizuri, aiweke kidogo kidogo pembeni ya mistari na kumwagilia. Akiwa na urea, kiganja kimoja kwenye ndoo ya maji, asizidishe. Nyanya zinaweza kurudi. Mchicha wa awamu hii ungenunua tu uyamalize.

Nimeuliza kuhusu kujikunja kwa sababu ipo sumu nyingine, ya kweli kabisa. Kuna dawa za kuua magugu ya majani mapana zinazopigwa kwenye malisho, jamii ya piklorami na aminopiralidi. Farasi anakula hei, yaani majani ya malisho yaliyokaushwa, hazimdhuru, zinapita tumboni na kutoka na mavi zikiwa bado na nguvu, na hata kuozeshwa kuwa mboji hakuzimalizi upesi. Nyanya na maharage yakizipata, majani yanajikunja na kujisokota. Kwa hiyo muulize anayewauzia hei anapiga nini shambani kwake. Na kabla hujampa mtu samadi tena, chukua vikopo sita, vitatu vyenye samadi iliyochanganywa na udongo, vitatu udongo mtupu, panda maharage, subiri wiki tatu. Hakuna maabara ya bei rahisi kuliko hiyo.

mkereketwa_wa_bonde

Samahani mkuu, sitakupaka mafuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto kwa shughuli zenye madhara. Usiende kwenye kikao kubishana kwamba mfereji si mto. Maji ya mifereji yenu yanarudi mitoni, mito ya huko inaingia Kikuletwa, na Kikuletwa inaenda Nyumba ya Mungu. Kuna watu na samaki kwenye njia yote hiyo. Nitrojeni na fosforasi za lundo lako ndizo zinazonenepesha mwani na magugu maji.

pikipiki_nyeusi

Uzeni farasi mfuge ng'ombe, shida iishe 😂

fundi_gata

Ng'ombe hawanyi?

Mkuu saisi, wote wanaongelea lundo, mimi naomba tuongelee paa. Banda lina ukubwa gani, lina gata, na maji ya paa yanaangukia upande upi?

saisi_wa_mlimani

Mita 30 kwa 8, bati. Gata hakuna. Mteremko wa paa unaangalia nyuma, kwenye lundo.

fundi_gata

Nilijua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lako ni mita za mraba 240. Mvua kubwa ya masika ya milimita 50 ni lita 12,000 zinazomwagwa juu ya mavi kwa usiku mmoja. Hilo ni lori la maji. Lundo lenyewe lisingetoa mto, ni wewe unaliosha.

Kwa hiyo kwanza gata na bomba, maji safi yapelekwe kwenye simtank, farasi wanywe. Farasi mmoja anakunywa lita 30 na zaidi kwa siku, hutakosa pa kuyapeleka. Pili, chimba mtaro upande wa juu wa lundo ili maji ya mlimani yalizunguke. Kinachobaki ni maji machache machafu, na hayo unaweza kuyamudu. Ukihamisha lundo bila gata utakuwa umehamisha ugomvi tu.

bwanashamba_mstaafu

Fundi amenena. Sasa lundo lenyewe. Farasi wa kilo 450 hadi 500 anatoa mavi na mkojo kama kilo 25 kwa siku. Wako 11 ni kilo 275, kwa mwaka tani 100, bado maranda. Tani 100 huwezi kuziita takataka za nyuma ya nyumba, hilo ni zao la shamba kama mahindi, nalo linataka ghala.

Jenga vyumba vitatu vya mabanzi, kila kimoja kikubwa cha kutosha mzigo huo, upande wa juu wa banda, sakafu ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa au zege, juu turubai. Kimoja kinajazwa, kimoja kinaiva, kimoja kinatumika. Chini ya vyumba panda mkanda mpana wa majani ya tembo, yatakunywa hayo maji machache meusi, nawe utayakata uwape wafugaji.

Kwa sababu ya maranda lazima uongeze kitu chenye nitrojeni: samadi ya kuku, au tithonia, yale maua ya njano ya pembeni mwa barabara, huko kwenu ni bure. Unyevu: kamata fumba moja, likamue. Yakitoka matone mawili matatu ni sawa, yakitiririka limelowa mno, lisipotoa kitu limwagilie. Kisha chomeka nondo katikati, subiri dakika kumi, ichomoe uishike. Ikikuunguza, ndani kuna nyuzi 55 au zaidi, na hapo mayai ya minyoo na mbegu za magugu vinakufa. Ligeuze ili la nje liingie ndani. Farasi hacheui, mbegu nyingi zinapita tumboni mwake nzima nzima, ndiyo maana samadi mbichi ya farasi huota majani ambayo hukuyapanda. Miezi mitatu inatosha ukiligeuza kila wiki.

Na bichi isiwekwe kwenye mboga za kachumbari. Kati ya samadi mbichi na kuvuna, acha miezi minne.

daktari_wa_kwato

Naongeza ya upande wangu, kwa sababu bosi wako pengine hatatoa hela kwa ajili ya mchicha wa jirani ila atatoa kwa ajili ya farasi wake.

Nzi anatoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10 joto likiwa zuri. Lundo likigeuzwa kila wiki na kufunikwa, mabuu yanaiva ndani kwa moto. Usubi nao wanapenda udongo uliolowa wenye mavi, ule ule wa pembeni ya lundo lako, na ndio wanaoeneza ule ugonjwa wa virusi wa farasi, wa kuvimba juu ya macho na kutoa povu puani. Farasi akiupata, mara nyingi unachimba shimo. Mtumie bosi picha ya hilo tope na umweleze hivyo.

Mkiwapa dawa ya minyoo ya aivameki, mavi ya siku chache za kwanza yapelekeni moja kwa moja kwenye chumba cha mboji, msiyaache malishoni. Dawa inatoka nayo na inaua wale dundu wanaoyaviringisha na kuyafukia. Hao dundu wanakufanyia kazi bila mshahara.

Na ninyi mnaoshika mabeleshi, lini mmechanjwa pepopunda? Vimelea vyake vinaishi kwenye mavi ya farasi na punda.

kitalu_cha_ngong

Salamu kutoka Kenya. Mimi hununua samadi ya farasi kwa ajili ya kitalu changu cha maua na miti. Sinunui mbichi, hata nikipewa bure. Ikiiva vizuri, nyeusi, haina harufu na maranda hayaonekani, naichukua yote. Usihangaike na bayogesi kwanza, mavi ya farasi yana nyuzinyuzi nyingi, na hayo maranda yataziba mtambo.

saisi_wa_mlimani

Wakuu, nimerudi. Kikao kimepita.

Ijumaa jioni nilienda kwa yule mama na gunia la samadi ya kuku na hela ya mchicha. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanyamaza kitambo kirefu kweli. Nikamweleza habari ya maranda na njaa, nikamwonyesha majani ya chini. Akasema, "Sasa mbona ulileta kabla hujajua?" Sikuwa na jibu.

Kwenye kikao nilisema zile lita 12,000. Mzee mmoja akanirudishia, kumbe tatizo ni bati la tajiri. Watu wakacheka, nami nikapumua. Tumekubaliana mtaro wa juu nichimbe wiki hii, lundo la zamani lihamishwe lote kabla ya vuli, na pasichomwe moto tena. Kuhusu samadi nikasema ikiiva nitagawa bure. Yule mama akasimama akasema ijaribiwe kwanza kwenye bustani ya bosi, yeye ataangalia akiwa ng'ambo ya ua.

Mtaro umefika nusu. Chumba kimoja cha mabanzi kimesimama, tumejaza siku sita zilizopita na tithonia ndani. Leo asubuhi nilichomoa nondo nikaiachia mwenyewe. Maharage ya vikopo bado hayajaota.

Bosi nimemtumia picha ya tope na bei ya gata. Tiki mbili za bluu, hajajibu.

fundi_gata

Mtumie tena mvua ikinyesha. Video.