MJADALA: Bango la "kudo" lishushwe au libaki?

Mzazi, Majengo (Moshi):
Wakuu, kamati ya mahafali ya kidato cha nne imegawanyika. Bango liko getini tayari, limeandikwa kwa Kiingereza, na penye pongezi kwa wahitimu pamewekwa "kudo". Wapo wanaosema ni aibu, inatakiwa "kudos", lishushwe lichapwe upya kwa michango yetu. Wengine wanatetea kwamba s ni ya wingi tu, na kila mtoto anapewa kudo yake. Mimi nasema libaki, ila si kwa sababu hiyo yao. Mnaonaje?

Mwalimu wa Kiingereza, Pasua:
Lishushwe. Hiyo s haihusiani na wingi. Neno ni la Kigiriki cha kale, kydos, yaani utukufu, hasa ule anaoupata shujaa vitani. Limo sana kwenye tenzi za Homer. S ni ya neno lenyewe, kama kwenye cosmos. Mtoto akiniandikia "kudo" nakata maksi, halafu tuitundike getini?

Fundi, gereji Unga Limited (Arusha):
Shikamoo mwalimu. Mbona sisi gereji tuna digadi moja, madigadi mawili? Wazungu walileta mudguard, tukasikia "ma" ya wingi, tukaikata. Barabarani kuna kipilefti, vikiwa viwili ni vipilefti, na ilianza kama keep left. Aisee, hakuna aliyetukatia maksi.

Mzazi, Majengo:
Fundi umenipunguzia kazi. Hata kitabu ni hivyo hivyo: kwa Waarabu ni kitab, wingi wake kutub, sisi tukaisikia "ki" tukapata vitabu. Na Waingereza wenyewe hawajasalimika. Pea, yaani njegere, ilikuwa pease, wakadhani sauti ya mwisho ni ya wingi wakaitupa. Cherry nayo imetokana na cherise ya Wanormani. Halafu mwalimu, hiyo kudos unayoilinda ilienea kwenye Kiingereza karne ya 19 kama lugha ya vijiweni ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Uingereza, vijana wakijionyesha kwamba wamesoma Kigiriki. Leo imevaa tai.

Mwalimu wa Kiingereza, Pasua:
Marahaba fundi. Digadi ni Kiswahili, ina haki ya kufuata ngeli zetu. Bango ni la Kiingereza. Najua Merriam-Webster ya Marekani imeiweka kudo, lakini kuwekwa kwenye kamusi si kibali cha kuiandika popote. Wahariri wengi bado wanaikataa, na kitenzi chake wanakitaka cha umoja. Ukienda ukweni unakula kwa desturi za kule.

Mwongoza watalii, Sakina (Arusha):
Naomba nichomekee. Kwetu neno hili liko kwenye maoni ya wageni msimu mzima: kudos kwa mpishi, kudos kwa wapagazi. Kuna mpagazi aliniuliza zinalipwa kwa dola au shilingi. Nikamwambia chalii yangu, hizo ni sifa, bahasha ni habari nyingine. Ila nimegundua wageni hawaitoi ovyo. Wanampa mtu aliyefanya kitu kwa ustadi au kwa jasho, na mara nyingi mbele za watu. Hongera yetu ni pana mno: umejifungua hongera, mtoto kapata kipaimara hongera, umenunua gari hongera. Inayokaribia kudos ni heko. Heko husemi kwa sababu mtu katimiza miaka arobaini.

Mama wa mhitimu, Kiborloni:
Jamani, mnabishana s wakati bibi zao wakishuka kutoka Kibosho na Machame hawatasoma kudo wala kudos. Kwa nini bango la watoto wetu ni la Kiingereza? Nani anapongezwa, na nani anatakiwa aone?

Mzazi, Majengo:
Mama, hilo ndilo nililotaka kamati ilisikie. Mwalimu yuko sahihi kwa Kiingereza cha darasani, sibishi. Lakini pesa ya kuchapa bango la pili kwa ajili ya herufi moja, wakati pilau haijatimia, sitoi. Hili libaki. La mwakani liandikwe HEKO, kubwa.

Mwalimu wa Kiingereza, Pasua:
La mwakani naunga mkono. La mwaka huu wanafunzi wangu watanicheka.

Fundi, gereji Unga Limited:
Mbele ya hiyo "kudo" kuna nafasi ya kuingiza herufi? Nitumieni picha. Jumamosi naja Moshi, rangi ninayo.