Mjadala: giza la kwenye katuni limefichwa, au lipo wazi ila sisi ndo hatutaki kuliona?

Wadau habari za jioni. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana kwenye grupu la wazazi la shule wanayosoma watoto wetu huku Tabata wiki nzima hakuna kinachoongelewa zaidi ya hiki. Ilitumwa odio ndefu, anayeongea hajajitambulisha, anasema katuni za nje zimejaa mambo ya giza yaliyofichwa, alama za Freemason, ngono, mashetani, na mzazi mwenye akili azifute kwenye flashi leo leo. Baada ya hapo watu wakaanza kurusha vipande vya vidio vimestopishwa na kuzungushiwa duara jekundu, ona kidole hapa, ona pembe pale. Baba mmoja akafuta katuni zote za wanawe akaandika kwamba serikali ifanye kama Februari 2023, Wizara ya Elimu ilivyopiga marufuku vitabu 16 vya watoto mashuleni, au kama Kenya 2017, bodi yao ya filamu ilivyoamuru katuni sita ziondolewe kwenye visimbuzi.

Mi sikubaliani naye. Ila sikubaliani pia na upande wa pili, wale wa "katuni ni katuni tu, acheni watoto wacheke". Msimamo wangu nauweka hapa juu kabisa ili mnipinge vizuri: giza limo, tena jingi, ila halijafichwa. Liko kwenye hadithi yenyewe, mbele ya macho yetu, na hii tabia ya kusaka alama ndo inatupa sababu ya kutoliongelea.

Chukueni Lion King ya 1994 ambayo ndo ilirushwa sana kwenye grupu. Kuna sehemu Simba anajibwaga ukingoni mwa jabali usiku, vumbi na majani vinapaa angani, na watu wakadai vumbi lile linaandika neno la ngono kwa Kiingereza. Tom Sito, mmoja wa wachoraji wa Disney, studio iliyoitengeneza, akaeleza kwamba herufi ni SFX, yaani kikosi cha kuchora moshi na vumbi kilikuwa kinajiwekea salamu yake, na matoleo ya baadaye kitu hicho kikaondolewa. Sawa. Lakini miaka karibu 30 watu wanabishania vumbi la sekunde moja wakati ndani ya filamu hiyo hiyo kuna jitu limemuua kaka yake kwa ajili ya cheo, halafu likamgeukia mtoto wa marehemu, huyo huyo Simba, likamwambia wewe ndo umemuua baba yako, kimbia, usirudi tena. Hilo nani kalificha? Mimi nimekua na kijana aliyetolewa kwenye nyumba ya baba yake na baba yake mdogo hata arobaini haijafika, akaambiwa na yeye kwamba ukorofi wake ndo ulimpa mzee presha. Alikuwa na miaka kumi na moja na aliamini, na mpaka leo mtu mzima ukimwongelesha habari za baba yake anaangalia chini.

Halafu kuna jambo kwenye ile filamu ambalo sisi wa Kiswahili tulipaswa kuliona kabla ya Mmarekani. Wahusika wengine majina yao ni Simba, Rafiki, Sarabi. Fisi kiongozi anaitwa Shenzi. Hilo neno wazee wa Pwani wanajua lilitokea wapi, wao walikuwa waungwana na mtu wa bara alikuwa mshenzi, na mshenzi ndo alikuwa wa kukamatwa na kuuzwa, kisha mzungu akaja akalikuta neno liko tayari akatuita nalo wote. Sasa angalieni hao fisi wamewekwa wapi, ng'ambo ya mpaka, kule kwenye kivuli ambako jua halifiki, kwenye mifupa ya tembo, na njaa inawauma. Anayewapata ni yule yule muuaji, anayewaahidi tu kwamba hawatalala njaa tena, na wanaandamana mbele yake kwa mwendo ambao watengenezaji waliuiga kwenye filamu za gwaride la Wanazi. Kisha fisi wakiingia nchini, nchi inakauka. Wakifukuzwa, mvua inanyesha. Filamu haiulizi hata mara moja kwanini upande mmoja una nyama na mwingine una mifupa.

Mimi nimekulia Manzese na hiyo filamu niliiona kwenye kibanda umiza, imetafsiriwa, jamaa anatia maneno yake, na sisi watoto wa Manzese tukashangilia fisi wakipigwa. Wakati mjini tukitaja tunakokaa watu walikuwa wanashika pochi zao.

Kuna mama alinijibu vizuri sana kwenye grupu, akasema hata kwenye hadithi za bibi zetu fisi ni mlafi, kwahiyo usitafute siasa pasipo siasa. Nimeliwaza hilo jibu siku mbili. Ni kweli fisi wa bibi ni mlafi na mjinga, ila fisi wa bibi anakaa kijiji kimoja na sungura, ana shamba, ana mkwe, anaalikwa harusini, anatapeliwa ndani ya jamii yake. Hakuna aliyemchorea mpaka. Kwangu hiyo ni tofauti kubwa.

Ila na sisi tunaopenda kutafsiri tuwe na breki. My Neighbor Totoro ya Japani, 1988, mabinti wawili na lile jitu la msituni lenye manyoya. Ukaenea uvumi kwamba Totoro ni mungu wa kifo, kwamba wale mabinti walishakufa, na hadithi imetokana na mauaji ya msichana kule Sayama mwaka 1963. Ushahidi wao mkubwa eti mwishoni watoto hawana vivuli. Mwaka 2007 Studio Ghibli, walioitengeneza wenyewe, wakakanusha, wakasema vivuli havikuchorwa kwasababu waliona havina ulazima. Na kinachoniuma ni kwamba filamu hiyo ilipotoka ilionyeshwa pamoja na Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, tiketi moja. Kwenye hiyo nyingine mvulana anakutajia mwanzoni kabisa tarehe aliyokufa, 21 Septemba 1945, halafu unakaa saa nzima na nusu kumwangalia yeye na mdogo wake wakifa njaa taratibu baada ya mabomu ya Kobe na baada ya nyumba ya ndugu kuwachoka. Watoto waliokufa walikuwa hapo hapo wazi, ila watu wakahangaika kuwatafuta kwenye ile filamu nyingine ambamo hawamo.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Jumapili mbili zilizopita nilikuwa sebuleni na wanangu wawili, tunaangalia Pinocchio ile ya zamani ya 1940, ya mwanasesere wa mti anayetaka kuwa mtoto wa kweli, ipo kwenye flashi ya mdogo wangu. Akaja dada wa kazi wa kwa jirani, umeme wa LUKU ulikuwa umekata kwao, akakaa pale chini mlangoni. Kiingereza hajui kwahiyo nikawa natafsiri. Tukafika kwa yule mzee wa gari, anayekusanya wavulana watukutu, anawaahidi kisiwa cha raha, hakuna shule, hakuna kutumwa. Anasema huwa wanaenda ila hawarudi wakiwa watoto. Wanapelekwa, wanavuta, wanakunywa, wanavunja vitu, kisha wanaota masikio, wanageuka punda, wanavuliwa nguo na kufungiwa kwenye makasha wakauzwe kwenye migodi ya chumvi na kwenye sarakasi. Kuna mmoja kashakuwa punda ila bado anaweza kuongea. Anaulizwa jina, anajibu, anasema anataka kurudi kwa mama. Anasukumwa pembeni pamoja na wenzake ambao bado wanaongea, maana hawajawa tayari kuuzwa.

Wanangu walicheka yale masikio. Yule binti hakucheka. Filamu ilipoisha, Pinocchio kawa mtoto wa kweli, kinanda kinapigwa, akaniuliza: "Shangazi, na yule aliyekuwa anamuita mama yake, walimrudisha?"

Nikakosa jibu. Maana hawakumrudisha. Mzee wa gari hakamatwi, hapigwi, haonekani tena, na wale watoto wengine hawatajwi mpaka mwisho. Nilishaiona filamu hiyo mara nne tano na sikuwahi kujiuliza hilo swali. Nikamwambia sijui. Akanyamaza kidogo kisha akasema, taratibu tu kama anaongea habari za mvua, kwamba na yeye aliambiwa anakuja Dar kusoma.

Jamani hata miaka 14 sidhani kama anayo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema chini ya miaka 14 haajiriwi, na ile ya 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu inamhusu mtu anayemchukua mtoto kijijini kwa ahadi ya uongo ili akatumikishwe. Zote zipo. Na huyo binti namuona kila asubuhi saa kumi na moja na ndoo, kwa mwaka mzima, tunasalimiana.

Siku hiyo usiku nikakumbuka hadithi ya zimwi na ngoma, wengi mnaijua. Binti amesahau kombe lake, lile gamba la baharini, ufukweni, anarudi peke yake, anakutana na zimwi, linamtia ndani ya ngoma. Linapita kijiji kwa kijiji, ngoma inaimba, watu wanashangaa, zimwi linapewa wali na nyama. Binti ndani anaimba kwa njaa. Ukija kwa Pinocchio, kabla ya kisiwa kuna yule mwenye maonyesho anayemfungia kwenye tundu la ndege, acheze apate hela, na akizeeka atakuwa kuni. Ni zimwi lile lile na ngoma ile ile. Bibi hakuona haja ya kutuficha hilo, alitusimulia tukiwa na miaka mitano, taa imepunguzwa. Ila kwa bibi ngoma ilifika mpaka kijijini kwa yule binti, na mama yake akaitambua sauti.

Na kuna Spirited Away, ya Miyazaki, yule yule wa Totoro, 2001. Msichana wa miaka kumi anaingia kazini kwenye nyumba ya kuogea, na mwenye nyumba anachomchukua kwanza ni jina. Chihiro anabaki Sen. Anaonywa kwamba akisahau jina lake hatojua njia ya kurudi kwao. Watu wameandika sana kama ile nyumba ni danguro, mi sitaki hata kufika huko, kwasababu hilo la jina peke yake linanitosha. Wangapi hapa tunaye dada wa kazi ndani, miaka miwili, na tukiulizwa anaitwa nani wa nani hatujui? Ni dada tu. Akiondoka anakuja mwingine, naye ni dada.

Kwahiyo baba wa kwenye grupu akisema zifutwe kwa sababu zina giza, namuuliza, ukishazifuta huyo mtoto atauliza lile swali wapi? Na wewe unayesema watoto hawaelewi, ni kweli wangu hawakuelewa. Aliyeelewa ni mtoto aliyepitia.

NIMERUDI baada ya siku tatu. Nimesoma michango yote, asanteni, hata mlionitukana.

Aliyesema tubaki na za kwetu kama Ubongo Kids inayotengenezwa hapa hapa Dar: wanangu wanaipenda na hesabu zimepanda, sina ubaya nayo kabisa. Ila kazi yake ni nyingine.

Aliyeuliza umri gani wa kuonyesha Grave of the Fireflies: mtoto mdogo hapana. Mimi mwenyewe niliiangalia mara moja na sirudii. Hapa nakubali kabisa kwamba bodi ya filamu kupanga umri ni jambo la maana, ninachopinga ni kupiga marufuku kwa sababu ya duara jekundu.

Mchungaji aliyeandika kwamba naleta utetezi wa ushetani: baba, nakuheshimu. Naomba unisaidie Jumapili useme habari za wale watoto wanaoletwa mjini kwa ahadi ya shule, halafu kama itabaki nafasi tuongelee pembe.

Na wengi mmeuliza yule binti imekuwaje. Jioni ile ile nilimuuliza jina lake, akanitajia lote, na la baba yake, na kijiji, Singida. Nikaandika nyuma ya risiti. Kesho yake nikapiga 116, ile namba ya kusaidia watoto, wakanisikiliza vizuri, wakaniunganisha na afisa ustawi wa jamii. Afisa alikuja Alhamisi na mwenyekiti wa mtaa. Jirani akasema binti amesharudi kwao toka Jumanne, na toka hapo hanisalimii, watoto wake wamekatazwa kuja kwangu. Kijana wa bodaboda wa hapo kona anasema Jumanne alimbeba yeye na begi lake, hakumpeleka stendi, alimshusha kwenye nyumba moja upande wa Goba. Hiyo nyumba ameikumbuka na amekubali kumwonyesha afisa. Wamepanga kwenda kesho asubuhi, na ile risiti yenye jina lake nimeshampa afisa, nakala nimebaki nayo.